Mishumaa Tisa Bondeni

Siku ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, Inspekta alivua viatu vyake vya kazi, akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni na kuingia topeni peku. Mzee aliyemtangulia aligeuka, akamtazama miguu, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika kidogo. Siku mbili nzima alikuwa amemwona akipita juu ya mbao kama mgeni wa harusi anayeogopa kuchafua pindo la gauni.

"Leo umekuja kufanya kazi," mzee akasema.

"Hata jana nilikuja kazini, baba. Ila jana viatu vilikuwa vipya."

Mzee huyo watu walimwita Posta. Miaka thelathini na miwili alikuwa amesambaza barua kwa baiskeli wilaya nzima, mpaka barua zenyewe zikaadimika na yeye akastaafu. Siku hizi alikuwa mtunza bonde, kazi ambayo hakuna aliyempa. Aliirithi kwa mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa akihesabu mshumaa-maji kila mwaka hadi alipofariki.

Mshumaa-maji ni mmea usiozidi goti. Shina lake limenyooka kama limepigiwa rula na juu yake kuna ua moja jeupe. Huchanua siku sita tu mvua kubwa zikishaisha, na harufu yake ni ile ya shuka iliyotolewa kambani juani. Wataalamu walikuwa wamezunguka kila penye majimaji nchini wasiuone ila katika wilaya hii moja, na ndani ya wilaya, katika bonde hili moja. Miaka saba iliyopita ilikuwepo mishumaa mia sita na arobaini. Wiki iliyopita Posta alihesabu akapata tisa.

Ndipo Bwana Mazingira, mkuu wa ofisi ya wilaya, alipofungua jalada. Mshitakiwa alishapatikana kabla Inspekta hajashuka kwenye gari: mchungaji mmoja aitwaye Kipaza, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameonekana ndani ya uzio. Karatasi ilikuwa imeshachapwa, ikingoja sahihi tu. Ng'ombe kumi na wanne wachukuliwe na serikali, naye Kipaza asikanyage tena bonde lile maisha yake yote. Sahihi ilitakiwa saa tisa alasiri. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Nianzishie tena, baba. Kama hujawahi kuniambia."

Posta hakuchoka kuanza tena. Alimwonyesha kigingi cha kwanza, kipande cha ubao kilichopakwa rangi nyeupe na kuandikwa 1 kwa wino mweusi. Kila mshumaa ulikuwa na kigingi chake na namba yake, kama nyumba za mtaa. Kila mwaka Posta alipita kwa mfuatano wa namba, na penye kigingi kisicho na mmea aliandika daftarini neno lile lile aliloliandika maisha yake yote juu ya barua zisizo na mwenyewe: Hayupo.

"Namba moja hayupo," akasema. "Namba mbili hayupo. Tatu huyu alikuwa mrefu, mke wangu akimwita Mkaguzi wa Shule. Hayupo."

Matete yalikuwa yamefika mabegani. Yalisongamana hivi kwamba Inspekta alilazimika kuyatenganisha kwa mikono miwili ili aone kigingi kilipo. Alipiga magoti kwenye namba tatu, akapapasa. Tope lilikuwa limefunikwa na mkeka wa majani makavu ya miaka na miaka, unene wa godoro.

"Mtu aking'oa mmea na mzizi wake anaacha shimo," akasema. "Hapa hakuna shimo."

"Limejifukia."

"Akikata juu anaacha kisiki. Kisiki kiko wapi?"

"Kimeoza."

"Na nyayo?"

"Nyayo ziko kule," akasema, na kuonyesha upande wa pili kwa kidevu.

Walikwenda. Uzio wa waya wa miiba ulizunguka bonde lote, nguzo zake zimesimama wima na kwa umbali ulio sawa, kazi ya mtu anayejua kujenga au anayependa sana. Mahali pamoja tu palikuwa na dosari. Waya ulikuwa umepinda na kuacha tundu la kupita ndama mkubwa. Lilikuwa limezibwa mara nne kwa waya wa aina nne, na mara nne limefunguliwa. Manyoya ya kahawia yalining'inia kwenye miiba. Ndani palikuwa na kinyesi kikavu, matete yamelazwa, na tope limetobolewa kila mahali kwa kwato.

Na pale pale, ndani ya hatua kumi kutoka kwenye tundu, ilisimama mishumaa tisa. Maua yake yalikuwa bado matumba, yamefumba.

"Wiki hii itafunguka," Posta akasema, na sauti yake ikashuka kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. "Zamani ungesimama kule barabarani wakati kama huu ukajua kesho au keshokutwa bonde litawaka. Mke wangu alikuwa halali. Alikuwa ananiamsha alfajiri: baba nanihii, twende tukaangalie kama wameamka."

"Yote tisa iko hapa?"

"Yote. Mungu mkubwa. Kabakisha tisa hata mdomoni mwa mnyama."

Inspekta alitoa daftari, akachora duara la uzio, akaweka alama ya tundu na vitone tisa. Akaviangalia muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akafunga daftari na kuuliza njia ya kwenda sokoni.

*

Sokoni kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Mama Mizizi, na kwenye meza yake kulikuwa na fungu lililoandikwa kwa makaa juu ya kadibodi: MSHUMAA-MAJI WA KWELI. MGONGO, MIGUU, NA WAUME WALIOPOA.

"Karibu dada, karibu," akasema. "Wako amepoa tangu lini?"

"Wangu alipoa mpaka akahama," Inspekta akasema, akachukua mzizi mmoja. "Huu umeutoa wapi?"

"Bondeni. Lakini usiniulize lini."

Inspekta akauvunja. Posta alikuwa amemfundisha siku ya kwanza kwamba mzizi wa mshumaa-maji ukivunjwa hutoa utomvu wa manjano, mzito kama kiini cha yai. Huu ulitoa maji meupe.

"Hili ni tete, mama."

"Shusha sauti, wateja wanasikia!"

"Mimi ni polisi."

Mama Mizizi akamtazama viatu vinavyoning'inia shingoni na miguu yenye tope hadi magotini, akaona bora aamini. "Sasa utanikamata kwa kuiba au kwa kutoiba?"

"Nitafikiria. Mara ya mwisho kuuza wa kweli ilikuwa lini?"

Mwanamke akaketi juu ya gunia. Mzaha ukamtoka usoni. "Marehemu mama alikuwa anachimba, nami nabeba kikapu. Kila mwaka tulichimba na kila mwaka tulikuta pamejaa tena kama hatujawahi kufika. Tangu Posta aweke uzio sijaingia, namheshimu. Lakini nasimama nje nachungulia. Mwaka hadi mwaka naona matete tu. Nilidhani macho yangu ndiyo yanakwisha." Akaokota vipande viwili vya mzizi na kujaribu kuviunganisha, kana kwamba vingeshikana. "Dada, yule mzee usimwambie nauza tete. Mkewe ndiye aliyenifundisha kusoma."

Inspekta aliandika: *Hakuna anayechimba. Ulipochimbwa ulirudi.* Akaipigia mstari sentensi ya pili.

*

Zizi la serikali, ambako ng'ombe walikuwa wamezuiliwa, lilikuwa nyuma ya ofisi ya wilaya. Kipaza alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya ng'ombe wake, akimkamua mmoja huku akimwomba radhi kwa sauti iliyosikika mpaka kaunta ya malipo ya maji. Jina hakulipata bure.

"Shikamoo, afande!"

"Marahaba. Punguza sauti, niko hatua tatu."

"Hapa nimeshapunguza, mama."

"Ng'ombe wako wanaingia ndani ya uzio. Kweli au si kweli?"

"Mmoja. Usiwaonee wengine." Alimwonyesha kwa kiwiko ndama jike mkubwa wa kahawia, mwenye uso wa kiburi na mkwaruzo mrefu begani. "Huyo. Jina lake Wifi."

"Kwa nini Wifi?"

"Anaingia asipoalikwa, anakula kilicho bora, halafu anaondoka akiwa amekasirika."

Inspekta alikaza midomo asicheke. "Na ndani anakula nini?"

"Matete machanga. Basi. Hayo maua yenu ni machungu, afande, hata mbuzi huyatema. Na mbuzi nimemwona anakula soksi."

"Mzee anasema alishuhudia ng'ombe wako akila ua."

"Alishuhudia ua likiwa mdomoni. Muulize baada ya hapo lilikwenda wapi." Kipaza aliacha kukamua. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya kawaida, na kwa hiyo ikaonekana ndogo sana. "Mama, babu yangu alinywesha ng'ombe pale. Baba yangu alinywesha pale. Mimi nimekua pale. Unajua maua yalivyokuwa? Ukitaka kupita bila kuyakanyaga ilibidi uruke kama panzi. Na marehemu Mwalimu alikuwa anasimama njiani na daftari lake. Hajawahi hata siku moja kuniambia nisipite. Alikuwa ananiambia, 'Kipaza, wapitishe taratibu.' Nilikuwa nawapitisha taratibu." Akajifuta uso kwa mkono wenye maziwa. "Tangu uzio uje nawanywesha bombani kama watu waliohamia mjini. Wifi hajawahi kuliona bonde la zamani. Sijui nani kamsimulia."

"Uzio ulijengwa mwaka gani?"

"Mwaka aliofariki Mwalimu. Mzee alichimba mashimo ya nguzo peke yake. Nilikwenda kumsaidia, akanifukuza."

Simu ya Inspekta ililia. Bwana Mazingira.

"Inspekta, karatasi yangu."

"Bado sijamaliza."

"Kumaliza nini? Manyoya yapo, kinyesi kipo, ng'ombe wapo, na mwenye ng'ombe namsikia kutoka hapa ofisini. Kesi ya majani hiyo! Ingekuwa mauaji si ungekaa mwaka mzima?"

"Kwenye mauaji kwanza ninatafuta maiti," Inspekta akasema. "Hapa sijaona hata moja." Akakata simu. Ilikuwa saa tano na nusu.

*

Nyumba ya Posta ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Baiskeli ya kazi ilikuwa imeegeshwa ukutani, imepakwa mafuta, matairi yamejaa upepo. Mezani palikuwa na viti viwili, na mbele ya kile kilichokuwa tupu palikuwa na bilauri yenye maji safi. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake.

Inspekta aliitazama bilauri. Mzee akamwona anatazama.

"Kila mwaka nilikuwa namkatia ua moja tu," akasema. "Ruhusa yake mwenyewe: moja, na kutoka kwenye kundi kubwa. Alipoondoka niliendelea kumwekea. Walipofika chini ya mia nikaacha kukata. Sasa miaka mitatu."

"Na maji?"

"Nabadilisha kila asubuhi." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchochea moto, jambo lisilohitaji sababu.

Inspekta akaomba madaftari. Posta akaleta mawili: la mkewe, jalada limechakaa, na lake mwenyewe, limefunikwa kwa gazeti. Inspekta akayafungua sambamba. La Posta lilikuwa na safu moja ya hesabu: 640, kisha 588, 401, 230, 96, 31, 9. La Mwalimu lilikuwa na safu mbili. Juu ya ya kwanza aliandika *Wakubwa*, na juu ya ya pili *Watoto*. Mwaka wake wa mwisho: wakubwa 598, watoto 214. Kando yake, kwa penseli: *Watoto wako kwenye nyayo tu. Mwaka wa nne ndipo wanachanua.*

"Safu ya pili uliiacha, baba?"

"Watoto wenyewe ni kama ukucha. Mwalimu alikuwa na macho ya kuwaona, alizoea darasa la kwanza. Mimi ni mtu wa anwani. Chenye namba nakihesabu. Nikasema, mtoto akikua nitampa kigingi chake, ataingia hesabuni."

"Vigingi vya watoto uliviandaa?"

Mzee aliinuka. Alikwenda uani, akarudi na sanduku la mbao lililowahi kubebea vifurushi vya posta, na kuliweka mezani. Ndani, vimepangwa wima kama barua, kulikuwa na vigingi vyeupe. Inspekta alichomoa cha kwanza. Kilikuwa kimeandikwa 641. Akachomoa cha mwisho. 700. Rangi ilikuwa safi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na tope nchani.

"Vyote sitini?"

"Vyote. Nilivipaka ule mwaka wa kwanza, nilipohesabu mia sita na arobaini. Walikuwa wameongezeka, unaona? Nikamwambia mke wangu pale kaburini, uzio umefanya kazi. Nikasema sitini hawatatosha." Alipitisha kidole juu ya vichwa vya vigingi. "Kila mwaka navitoa, navifuta vumbi, navirudisha."

Inspekta aliandika: *Miaka saba, hakuna namba mpya.* Kisha akavaa viatu, akavivua tena, akakichukua kigingi 641.

"Naomba nikiazime hiki. Na koleo, kama unalo. Twende bondeni, baba. Nina maswali machache, na nataka kuyauliza tukiwa pale."

*

Walisimama kwenye tundu. Jua lilikuwa limepanda na harufu ya tope ilikuwa nzito. Inspekta alipima kwa hatua kutoka kwenye tundu hadi mshumaa wa kwanza, akaandika tano. Wa pili, sita. Wa tisa, kumi. Baada ya hapo hakukuwa na tope lililotobolewa wala mmea, matete tu hadi upande wa pili.

"Baba, ulimwona ng'ombe akila ua. Lini?"

"Siku ya mwisho mke wangu kutoka nje. Nilimleta hapa kwa baiskeli, kakaa nyuma, mwepesi kama bahasha. Ng'ombe akapita, akang'oa ua. Mke wangu akalia. Nikaapa siku ile ile kuzungusha uzio."

"Alilimeza?"

"Nani?"

"Ng'ombe. Ua. Alilimeza?"

Posta alitazama mbali. "Alilitema," akasema.

"Na mkeo alisema nini?"

"Hakusema. Alilia tu."

"Alilia kwa sababu ya ua?"

Mzee alichomoa manyoya ya kahawia kwenye mwiba, akayaviringisha vidoleni. Inspekta hakumsukuma hapo. Akageuza daftari na kumwonyesha mchoro.

"Huyu Wifi ni mwizi anayeingia kwa mlango huu mmoja. Hana mwingine. Niambie, mwizi akiingia nyumbani kwako, chumba kipi kinabaki kitupu? Cha mlangoni au cha mbali?"

"Cha mlangoni."

"Hiki ndicho kilichojaa. Kule ambako hajawahi kufika ndiko kumekwisha."

Posta alitazama mchoro. Alikuwa mtu wa ramani, na hakuhitaji kuonyeshwa ramani mara mbili. Aliinua macho na kuyapeleka kwenye matete, kwenye ukuta ule wa majani uliosimama juu ya vigingi vyake mia sita na zaidi, kisha akayarudisha penye kwato, penye mwanga.

"Hakuna aliyeibiwa, baba. Waliokuwepo walizeeka wakafa, kama mtu yeyote. Ila hawakuzaa. Mbegu inataka tope tupu na jua. Mwalimu aliandika: kwenye nyayo tu. Nyayo ziliondoka, matete yakapanda."

"Ng'ombe ndio walikuwa wanafyeka."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unaniambia ni mimi."

"Nasema ni uzio."

"Uzio ulijijenga?"

Katika kazi yake Inspekta alikuwa ameona watu wakisikia hukumu wakapiga kelele, wakazimia, wakatukana. Huyu aliweka tu mkono juu ya nguzo aliyoichimbia mwenyewe, akaitikisa kidogo, kama anayeangalia kama bado ni imara. Ilikuwa imara.

"Nilizijenga ziishi miaka hamsini," akasema.

"Naona."

"Saba ilitosha."

Inspekta alipiga magoti kando ya mshumaa wa tano, mahali ambapo kwato ya Wifi ilikuwa imezama na kuacha kikombe cha tope chenye maji kidogo. Alikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa. "Njoo uangalie, baba. Usinitazame mimi. Angalia ndani."

Mzee alishuka taratibu, goti moja, halafu la pili, huku akishika bega la Inspekta. Mwanzo hakuona kitu. Kisha aliona majani mawili, madogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, yamesimama wima kama yamepigiwa rula. Kando yake mengine mawili. Katika kikombe cha kwato ya pili, miche mitatu zaidi.

Midomo yake ilikuwa ikitembea, na Inspekta alimwacha mpaka alipoelewa kwamba alikuwa anahesabu.

"Kumi na moja," Posta akasema hatimaye. "Mungu wangu. Miaka yote nimepita hapa na daftari."

Inspekta akamkabidhi kigingi. Mzee alikigeuza mkononi, akakifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo, na kukisimika kando ya majani mawili ya kwanza, kwa uangalifu wa mtu anayeingiza barua chini ya mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Sita, nne, moja. Ncha ikazama topeni.

*

Saa nane na dakika arobaini Inspekta alimpigia simu Bwana Mazingira na kumsomea ripoti. Upande wa pili pakawa na kikohozi.

"Mtuhumiwa ni *uzio*?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Nitaupeleka mahakamani vipi?"

"Hauhitaji kupelekwa, tayari unavunjwa. Nakuomba ng'ombe wote kumi na wanne waachiwe kabla ya saa tisa, maana ndio wanaotakiwa kazini. Mwenye nao awapitishe bondeni taratibu, maua yakishamaliza siku zake sita. Mmoja tu aruhusiwe leo, kwa kuwa hata tukimkataza ataingia."

Nyuma yake koleo lilikuwa linalia. Posta alikuwa anakata waya, nguzo hadi nguzo, hafanyi haraka wala hapumziki. Kila kipande alikikunja vizuri na kukiweka begani. Inspekta alijitolea kumsaidia. Mzee alikataa, halafu baada ya nguzo ya tatu akampa koleo bila kumtazama.

Walimsikia Kipaza kabla ya kumwona. Sauti yake ilishuka mteremkoni ikiwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa majina na kuwapa maelekezo marefu ya adabu. Alipofika na kuona nguzo zimesimama bila waya, alisimama ghafla hata yule aliyemfuata akamgonga mgongoni. Aliwatazama wote wawili.

"Kipaza," Posta akasema. "Maua yakiisha, wapitishe taratibu."

"Ndiyo, baba."

Upande mzima wa bonde ulikuwa wazi sasa. Wifi aliutazama bila kuvutiwa, akazunguka mpaka kwenye nguzo mbili ambazo palikuwa na tundu lake, akainamisha kichwa kukwepa waya ambao haukuwepo tena, na kuingia. Kipaza alicheka mpaka akaketi chini. Posta hakucheka, lakini alimfuata yule mnyama hatua kwa hatua, ameinama, akitazama kila mahali anapoinua mguu.

Inspekta aliosha miguu kwenye maji ya kando, akavaa viatu. Gari lilikuwa linamsubiri barabarani. Jalada jingine, wilaya nyingine. Mzee alimfikia akiwa anafunga kamba.

"Mke wangu aliandika mwaka wa ngapi?"

"Wa nne. Mwaka wa nne ndipo wanachanua."

Posta alihesabu kwa vidole vyenye tope. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alifika kidole cha nne, akakishikilia kwa mkono mwingine, akabaki amekishika hivyo huku akitazama ilipokwenda kwato.

"Basi maji nitaendelea kubadilisha," akasema.